Sura ya Sita: Kikaango cha Asubuhi na Hamu ya Kwao

Scrapple ni ugali uliosongwa kwa supu ya nguruwe, ukamiminwa kwenye chombo ugande, kisha ukakatwa vipande na kukaangwa. Huliwa asubuhi pamoja na mayai katika jiji la Philadelphia na mashamba ya mashariki mwa Pennsylvania, katika majimbo ya Delaware na Maryland, na kusini mwa New Jersey. Msafiri akitoka eneo hilo akaendesha gari kutwa nzima kuelekea magharibi, atafika mahali ambapo mhudumu wa mgahawa akitajiwa neno scrapple atauliza ni kitu gani. Na mahali hapo nao watakuwa na chakula chao cha nguruwe cha asubuhi, ambacho wengi wa Philadelphia hawajapata kukisikia.

Marekani inajulikana kwa vyakula vinavyofanana kila mahali. Baga inayouzwa kando ya barabara kuu ya California haina tofauti na ile ya Florida. Katikati ya ufanano huo vimebaki visiwa vidogo vya ladha, na vingi kati ya hivyo huonekana asubuhi, kikaangoni, na nyama yake ni ya nguruwe. New Jersey wana pork roll. Cincinnati, ukingoni mwa mto Ohio, wana goetta. Vilima vya magharibi mwa North Carolina vina livermush. Hawaii wana Spam na wali. Mipaka ya vyakula hivi haifuati sana ramani za majimbo. Hufuata njia walizopita wahamiaji, mito waliyoishia, na umbali ambao mchinjaji aliweza kusafirisha bidhaa yake kabla haijaharibika.

Chanzo chake ni msimu wa kuchinja. Kabla ya friji, nguruwe alichinjwa baridi ilipoingia, mwezi wa Novemba au Desemba, ili nyama isioze kabla ya kutiwa chumvi. Ilikuwa kazi ya ujima. Kaya kadhaa zilikutana tangu alfajiri. Hawa wakachemsha maji ya kukwangulia ngozi, hawa wakasafisha utumbo wa kutengenezea soseji, wengine wakayeyusha mafuta ya kupikia mwaka mzima. Mapaja yalizikwa kwenye chumvi, baadaye yakatundikwa katika kibanda cha moshi, na yaliweza kukaa mwaka au zaidi. Nyama ya tumbo ikawa bekoni. Palipobaki kazi ni kwenye kichwa, maini, moyo, figo, ngozi na vile vipande vinavyong'ang'ania mfupa. Hivyo huoza mapema na havifai kutundikwa. Njia iliyobaki ilikuwa kuvichemsha vyote siku ileile, kuongeza unga wa nafaka, na kuacha chungu kipoe.

Kinachotokea chunguni ni jambo la busara sana. Ngozi na mifupa vikichemka muda mrefu hutoa ute unaoganda ukipoa, kama supu ya makongoro inavyoganda usiku. Nafaka hunyonya supu, huvimba na kuushika mkate wote pamoja. Mafuta hupanda juu yakafunika uso, na kwenye kijibanda cha baridi mkate wa namna hiyo uliweza kukaa wiki kadhaa. Nyama ya kichwa kimoja, ambayo isingetosha mlo wa watu kumi, ikawa chakula cha asubuhi nyingi. Wanaoviita vyakula hivi mabaki hawavitendei haki. Paja la nguruwe linahitaji chumvi na subira tu. Kichwa kinahitaji mpishi.

Ufundi huo ulivuka bahari na Wajerumani. Mwaka 1683 kikundi chao cha kwanza kilianzisha Germantown, kijiji ambacho leo ni sehemu ya Philadelphia, na katika karne ya 18 makumi ya maelfu waliwafuata na kutawanyika mashambani. Wamarekani waliwaita Pennsylvania Dutch, na Dutch hapo ni neno la ukoo mmoja na Deutsch, yaani Kijerumani. Kwao Rhineland na Westphalia walikuwa wakipika pannhas, uji mzito wa supu ya nyama na unga wa buckwheat, mara nyingine na damu ya mnyama. Pennsylvania waliikuta nafaka ya wenyeji wa bara hilo, mahindi, nayo ikaingia chunguni. Buckwheat haikuondolewa, mpaka leo wapishi wa jadi huongeza kidogo kwa ajili ya rangi yake ya kijivu na uchungu wake wa mbali. Jina scrapple, linalotokana na neno la Kiingereza la vipande vidogo vilivyobaki, lilienea katikati ya karne ya 19.

Utengenezaji wake haujabadilika sana. Kichwa kilichopasuliwa, moyo, maini kiasi na ngozi huchemshwa saa kadhaa mpaka nyama iachie mfupa yenyewe. Mifupa hutolewa, nyama husagwa na kurudishwa kwenye supu. Supu ikitokota, unga hunyunyizwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka bila kusimama, kwa sababu kinachoshika chini huungua, na harufu ya kuungua huenea chungu kizima. Yeyote aliyewahi kusonga ugali wa shughuli anaijua kazi hiyo mkononi, ila ugali wa nyumbani huiva kwa dakika chache, na chungu hiki hudai hata saa nzima. Pilipili manga hutiwa kwa wingi, pamoja na majani makavu ya sage na thyme. Mwiko ukiweza kusimama wima peke yake, imeiva. Humiminwa kwenye vyombo vya bati vyenye umbo la mkate na kuachwa usiku kucha.

Asubuhi yake mkate ni wa kijivu na haupendezi macho. Mabadiliko hutokea kikaangoni. Kipande cha unene wa kidole huwekwa kwenye chuma chenye moto wa wastani na mafuta kidogo sana, kisha huachwa. Kuachwa ndiko kugumu. Asiyezoea hukigeuza baada ya dakika mbili, na kipande humeguka kikawa rojo. Aliyezoea husubiri mpaka pembe zianze kuwa kahawia na sauti ya kuchacharika ipungue, ndipo akageuza mara moja tu. Kwa nje hutokea ganda gumu linalovunjika kwa uma. Ndani hubaki laini, moto, yenye harufu ya pilipili na majani. Ganda hilo ni matokeo ya protini na sukari kukutana kwenye joto kali, mchakato ulioelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Harufu yake ni ya ukoo mmoja na harufu ya mkate uliobanikwa na kahawa iliyokaangwa.

Juu ya kipande hicho familia hugawanyika. Wako wanaomimina sirapu ya maple, wako wa tomato sosi, wako wanaopaka rojo nzito la matufaha kama walivyofanya mababu wa mashambani. Mtu mzima aliyeoa nyumba ya sirapu na mwenyewe kulelewa nyumba ya tomato sosi huwa amebaki na yake. Viwanda vilivyokua kutokana na chakula hiki ni vichache na vya zamani. Habbersett walianza Pennsylvania mwaka 1863. RAPA walianza Bridgeville, Delaware, mwaka 1926, na jina lao limeunganishwa kutoka herufi mbili za kwanza za majina ya ndugu wawili, Ralph na Paul Adams. Mji huo mdogo, tangu 1992, hufanya tamasha la matufaha na scrapple kila Oktoba, na hujaa watu waliohama zamani waliorudi kwa siku mbili.

Philadelphia pia ni jiji lenye jamii kubwa ya Waislamu, wengi wao Waamerika Weusi, na kuna wengine wengi ambao kwa sababu zao hawagusi nguruwe. Kwa hao imetengenezwa scrapple ya bata mzinga. Ni mfano unaofaa kuzingatiwa, maana unaonyesha ladha ya mji inakaa wapi hasa. Nyama imebadilika, lakini ganda gumu, unga wa mahindi, pilipili na majani ya sage vimebaki, na mlaji huona amekula chakula cha Philadelphia.

Cincinnati, upande wa pili wa milima ya Appalachia, ilipata Wajerumani wake baadaye, katika karne ya 19, wengi kutoka kaskazini-magharibi mwa Ujerumani ambako soseji zilijazwa nafaka. Mji waliofikia ulikuwa mji wa nguruwe. Wakulima wa Ohio na Kentucky waliwaswaga kwa miguu maelfu kwa maelfu hadi machinjioni, na mji ukabandikwa jina la Porkopolis. Mafuta ya machinjio hayo yalizaa viwanda vya sabuni na mishumaa; Procter & Gamble, iliyoanzishwa hapo mwaka 1837, ni mtoto wa biashara hiyo. Chicago ikaipita Cincinnati wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, machinjio yakapungua, lakini chungu cha asubuhi hakikuepuliwa.

Goetta, inayotamkwa karibu na "geta", hutumia oti mahali pa mahindi. Si oti laini za uji wa haraka. Ni chembe ngumu zilizokatwa kwa chuma, ambazo huchukua saa kadhaa kuiva na hata zikiiva hubaki na ukinzani mdogo chini ya jino. Nyama ni ya nguruwe na ng'ombe zikichanganywa, pamoja na vitunguu na majani ya bay. Mkate wake ni wa chengachenga kuliko scrapple, na ukikaangwa zile chembe za oti za juu hukauka zikawa kama karanga.

Historia ya karibu ya goetta ina jeraha ndani yake. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917, Cincinnati iliugeuzia kisogo Ujerumani wake wenyewe. Mafundisho ya Kijerumani yaliondolewa shuleni, na mwaka 1918 mitaa ikabadilishwa majina: mtaa wa Bremen ukawa Republic, mtaa uliokuwa ukiitwa German ukawa English. Familia ziliacha kuzungumza lugha ya bibi zao barabarani, na nyingi zikaiacha hata sebuleni. Chungu hakikuwa na kibao cha jina kilichoweza kung'olewa. Watoto waliokua bila kujua sentensi moja ya Kijerumani walikula goetta kila Jumapili, na wajukuu wao wanaila bado. Leo mtengenezaji mkubwa ni Glier's wa Covington, ng'ambo ya mto upande wa Kentucky, aliyeanza mwaka 1946. Kiwanda hicho hutoa zaidi ya paundi milioni moja kwa mwaka, yaani takriban kilo 450,000, na sehemu kubwa mno huliwa mjini hapo na vitongoji vyake.

Tawi la tatu lilielekea kusini. Kutoka Pennsylvania, Wajerumani na Waskoti wa Ireland waliteremka na magari ya farasi kwa njia iliyopita bonde la Shenandoah hadi North Carolina. Chungu kilikwenda nao, na njiani maini yakaongezeka. Livermush ya North Carolina ina ladha ya maini wazi, unga wa mahindi, sage na pilipili. Mji wa Shelby, katika wilaya ya Cleveland, hujihesabu kuwa makao yake makuu. Ilishika mizizi miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, hasa katika miaka migumu ya 1930, kwa kuwa ilikuwa nyama ya bei ya chini inayoshibisha mpaka king'ora cha mchana. Ukienda mashariki kidogo ndani ya jimbo lilelile, kitu kinachokaribia kuwa kilekile huitwa liver pudding, na watu wa pande zote mbili watakueleza tofauti kwa uzito kamili.

Kusini, hata hivyo, historia ya nguruwe wa asubuhi haiwezi kuelezwa kwa Wajerumani peke yao. Mgao wa wiki wa mtu aliyefanywa mtumwa katika mashamba ya pamba na tumbaku ulikuwa kwa kawaida unga wa mahindi na paundi chache za nyama ya nguruwe ya chumvi, ile yenye mafuta zaidi. Vibanda vya moshi vya Virginia, vilivyoyapa sifa mapaja ya Smithfield kiasi cha jimbo kupitisha sheria ya kulilinda jina hilo mwaka 1926, vilikuwa kwa vizazi vingi chini ya mikono ya wachinjaji na wapishi Weusi ambao hawakulipwa chochote. Miguu, utumbo, shingo na mafuta ya mgongo vikawa mapishi yenye adabu zake. Kati ya 1910 na 1970 Waamerika Weusi wapatao milioni sita waliondoka Kusini kwenda Chicago, Detroit, Philadelphia, New York na Los Angeles. Walichokipika asubuhi katika vyumba vya kupanga, soseji yenye sage, nyama ya chumvi juu ya uji mzito wa mahindi, kilikuwa chakula cha nchi waliyoikimbia na kuipenda kwa pamoja. Hamu hiyo ni nzito kuliko nyingine zote zinazotajwa katika sura hii.

Pork roll ya New Jersey ina njia yake tofauti. Haina nafaka na haitokani na chungu. Ni nyama ya nguruwe iliyosagwa, ikatiwa chumvi, sukari kidogo na viungo, ikaachwa ichachuke kwa mbali, ikashindiliwa kwenye mfuko wa kitambaa na kufukizwa moshi. Anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake ni John Taylor wa Trenton, mwaka 1856. Aliiuza kama paja lililotayarishwa, na jina likashika: Taylor ham, yaani nyama ya paja ya Taylor.

Mwaka 1906 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usafi wa vyakula na dawa, mwaka uleule ambao riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, ilikuwa imewatia wasomaji kichefuchefu kwa habari za machinjio ya Chicago. Chini ya sheria hiyo paja lilipaswa kuwa paja. Nyama iliyosagwa na kushindiliwa mfukoni haikuweza tena kuitwa hivyo kwenye kibandiko, na kampuni ikabadilisha jina kuwa pork roll. Ilipojaribu kuwazuia washindani wasilitumie jina jipya, mahakama ikaamua mwaka 1910 kwamba maneno hayo yanaeleza tu bidhaa ilivyo na hayawezi kumilikiwa na mtu. Kuanzia hapo New Jersey ikawa na majina mawili ya kitu kimoja. Kaskazini mwa jimbo, karibu na New York, watu wengi wameendelea kusema Taylor ham, jina ambalo sheria ililifuta kwenye kibandiko zaidi ya karne moja iliyopita. Katikati na kusini husema pork roll, na ni huko, Trenton, ambako bidhaa yenyewe hutengenezwa.

Mgogoro huo ni wa moyoni kweli. Mwaka 2016 ulipoletwa bungeni mwa jimbo muswada wa kuutangaza mkate wake kuwa sandwichi rasmi ya New Jersey, ilibidi iandikwe miswada miwili, mmoja kwa kila jina. Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Barack Obama, akihutubia mahafali ya Chuo Kikuu cha Rutgers, aliugusa ubishi huo mwanzoni mwa hotuba na kusema kwamba hata yeye asingethubutu kuuingilia. Uwanja mzima ulielewa. Anayetaka kujua mtu wa New Jersey ametoka sehemu gani ya jimbo hana haja ya kuuliza mji. Amsikilize akiagiza chai ya asubuhi.

Uagizaji wenyewe una desturi zake. Mkate ni wa duara, ganda gumu kidogo, ndani laini. Ndani yake huingia yai, jibini ya njano iliyoyeyuka na vipande viwili au vitatu vya nyama, kisha chumvi, pilipili na tomato sosi, ambavyo mteja huvitaja kwa pumzi moja na mpishi huviandika kwa herufi tatu. Vipande hukatwa kwa duara, unene wa sarafu mbili tatu. Kabla ya kuvitupa kwenye bamba la moto, mpishi huvichanja pembeni. Wengine huchanja mara moja kutoka katikati hadi ukingoni; wengine mara nne, kama pande kuu za dira. Sababu ni ya kimwili kabisa: ukingo wa duara hujikunja upesi kuliko katikati, na kipande kisichochanjwa huinuka kama bakuli, kikaiva pembeni na kubaki kibichi katikati. Mtoto wa New Jersey hufundishwa kuchanja nyama hiyo kabla hajaruhusiwa kuwasha jiko, na mkono hausahau.

Hawaii inastahili kutajwa kwa ufupi kwa kuwa inaipinga kanuni ya mwanzo wa sura. Spam ni nyama ya kopo iliyoingia sokoni mwaka 1937 kutoka kampuni ya Hormel, mjini Austin, jimbo la Minnesota, maelfu ya kilomita kutoka visiwa hivyo. Ilifika kwa wingi wakati wa vita kuu ya pili pamoja na wanajeshi, wakati nyama mbichi ilikuwa adimu na wavuvi wenye asili ya Japani wamewekewa vizuizi vya kwenda baharini. Vita viliisha, kopo likabaki. Leo Hawaii hula takriban makopo milioni 7 kwa mwaka, kama matano kwa kila mkazi, na tangu 2002 hata McDonald's ya huko imeiuza asubuhi pamoja na mayai na wali. Hakuna chochote cha kisiwani katika utengenezaji wake. Ukisiwa wake unatokana na ulaji: imekatwa, ikaungwa kwa mchuzi wa soya na sukari, ikalazwa juu ya wali na kufungwa kwa mwani kama walivyofanya bibi wa Kijapani. Mtu wa Honolulu anayeishi Las Vegas anaweza kununua kopo lilelile dukani jirani, na bado akawa na hamu ya lile la kwao.

Neno nostalgia, linalotumiwa katika lugha nyingi za Ulaya, lilibuniwa mwaka 1688 na mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer, mjini Basel, Uswisi. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, ili aeleze ugonjwa wa vijana wa Kiswisi waliodhoofika wakiwa mbali na kwao. Kwake ilikuwa maradhi ya mwili yanayohitaji tiba, na tiba aliyoiamini zaidi ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Kiswahili kilikwisha kulifikia jambo hili kwa njia fupi. Mtu huwa na hamu ya dagaa na hamu ya mama yake kwa neno lilelile, na hakuna anayemwomba afafanue.

Zipo sababu za kimaumbile zinazofanya chakula kiwe mlango wa hamu hiyo. Taarifa za macho, masikio na ngozi hupita kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi kabla ya kusambazwa. Harufu ina njia ya mkato: kutoka puani huingia karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu huleta jikoni nzima kwa mkupuo, taa yake, redio yake na aliyesimama mbele ya jiko, kabla mtu hajatambua ananusa nini. Nyama ya asubuhi ina nguvu zaidi kwa sababu ya saa yake. Jioni watu hujaribu vyakula vya kigeni kwa furaha. Asubuhi ni wachache wanaotaka kushangazwa. Kisha mtoto huinusa angali kitandani, kabla ya kusikia sauti ya mtu yeyote, na jambo hilo hujirudia mamia ya mara kabla hajaondoka nyumbani.

Kuondoka ndiko humfunulia kwamba kile chakula kilikuwa cha kwao. Aliyekulia Trenton hadhani pork roll ni chakula cha mkoa. Hudhani ni chakula. Akifika chuoni California, au kambini Texas, anaagiza kama alivyoagiza maisha yake yote, na mhudumu anabaki kumtazama. Mshtuko huo mdogo husimuliwa na watu wa miji yote iliyotajwa hapa, kwa maneno yanayokaribiana sana. Tangu siku hiyo chakula hupata jina la pili, chakula cha nyumbani, na hamu huanza kuhesabu siku.

Njia za kuituliza ni chache. Wastaafu wa New Jersey waliohamia Florida na majimbo ya Carolina ni wengi kiasi cha baadhi ya maduka ya huko kuanza kuweka pork roll kwenye majokofu yao. Watengenezaji hutuma vifurushi vilivyogandishwa, vikiwa na barafu, popote nchini. Anayekwenda kusalimia wazazi husafiri na begi moja la nguo na sanduku moja la barafu, na la barafu hurudi zito kuliko lilivyokwenda. Anayeishi nje ya Marekani hana bahati hiyo. Nchi nyingi huwakataza wasafiri kuingiza nyama ya nguruwe kwa kuogopa magonjwa ya mifugo, hasa homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921 na bado haina tiba.

Kwa huyo hubaki kupika mwenyewe, na hapo vyakula hivi havilingani. Pork roll karibu haiwezekani jikoni pa kawaida, kwa kuwa huhitaji kuchachushwa kwa uangalifu, kushindiliwa na moshi wa kutosha. Goetta huwezekana popote zinapopatikana oti ngumu. Scrapple ndiyo rahisi kuliko zote: bega la nguruwe lenye mfupa, kipande cha maini, ngozi, unga wa mahindi, pilipili manga na sage, vitu vinavyopatikana Nairobi kama Berlin. Kosa linalofanywa zaidi na wapishi wa ugenini ni kuukata mkate ungali vuguvugu kwa sababu ya pupa. Usipoganda sawasawa humeguka kikaangoni, ganda halishiki, na ladha iliyongojewa haiji. Lazima ulale kwenye friji usiku kucha, kwa hiyo chungu kilichoinjikwa Jumamosi asubuhi huliwa Jumapili.